Pointi Mia Nne Juu ya Dada

Mtaani walimwita Mama Sponji, na hakuwahi kulikasirikia jina hilo. Kazi yake ilikuwa kuvalisha makochi upya. Ukimpelekea kochi lililobonyea katikati kama limekaliwa na tembo, atalivua nguo zote, atatoa springi zilizochoka, ataweka sponji mpya na kitambaa kipya, na wageni wako watakuuliza umelinunua wapi. Ufundi huo alifundishwa na mjomba wake, tangu alipoacha shule akiwa kidato cha pili, mwaka aliofariki baba yao. Mjomba alitaka mtu wa kumshikia kitambaa akikivuta, mama alitaka mtu wa kuleta chochote nyumbani, na mdogo wake wa mwisho alitaka ada.

Huyo mdogo wake walimbandika jina la Kalamu, kwa sababu tangu utotoni hakukosa kalamu nyuma ya sikio, hata akienda kuoga. Alikuwa na akili ya kushika mambo haraka na ulimi wa kuyaeleza. Dada yake alimsomesha kuanzia darasa la kwanza hadi chuo. "Kila cheti chake kina kochi la mtu ndani yake," Mama Sponji alikuwa akitania mbele ya wageni, na Kalamu ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote. Alipopata kazi ya uafisa katika kampuni moja ya mikopo, dada mtu alifunga karakana siku nzima, akaenda kumnunulia mkoba wa ngozi. Wateja walipolalamika aliwaambia, "Leo nimeajiriwa."

Kalamu alikuwa na mazoea ya kupita karakana wakati wa chakula cha mchana. Anakaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, anakula, anapiga soga. Siku moja alimkuta dada yake akishona ngozi ya kiti cha gari kwa mkono, sindano nene inamtoa jasho na vidole vimefungwa vitambaa.

"Dada, hiyo ni kazi au ni adhabu? Si kuna cherehani za kushonea ngozi?"

"Zipo. Na mimi nipo. Kinachokosekana kati yetu ni hela."

"Chukua mkopo kwetu."

"Halafu nilipe kwa meno?"

"Utalipa kwa kazi. Ukiwa na cherehani ile utachukua viti vya magari, viti vya hoteli, vyote. Na mimi mwenyewe ndiye nitakayekushughulikia. Sasa unamwogopa nani?"

Kwa kweli hakuwa na wa kumwogopa. Mumewe, dereva wa lori ambaye wiki nyingi alikuwa safarini, alipoulizwa kwa simu alisema, "Kama ni Kalamu, mimi nina neno gani?" Basi wakakubaliana milioni sita, kulipa kwa miaka mitatu. Kalamu alifanya kila kitu palepale karakana, kwenye meza ya kukatia vitambaa, ili dada yake asipoteze siku kwenda kupanga foleni. Mkopo uliandikwa kwa jina la ukoo wa mumewe.

"Riba ni asilimia kumi na nne kwa mwaka," Kalamu alimwelekeza, "na juu yake kuna pointi mia nne."

"Mia nne!"

"Tulia basi. Nimesema pointi. Pointi za msingi, vipimo vya kiofisi. Asilimia yenyewe ni kitu kidogo, sivyo? Sasa pointi ni ndogo kuliko asilimia, tena mara mia. Ni vumbi tu."

Mama Sponji alilijua vumbi. Kila siku alipiga makochi ya watu, likaruka hadi darini, na lilipotua halikuongeza uzito wa kitu chochote.

"Kwa hiyo ni kumi na nne na kitu?" aliuliza.

"Kumi na nne na kitu," Kalamu alijibu.

Kisha akaomba jambo moja. Kama mtu wa ofisini angempigia simu, asitaje kwamba wao ni ndugu. "Watasema napendelea, dada, na mimi bado najenga jina." Mama Sponji aliliona ombi hilo kuwa la mtu mwadilifu. Aliweka saini huku akijisikia fahari.

Cherehani ilikuja, nyeusi, nzito, yenye sauti kama ya gari linalopanda mlima, na kazi zikaja kweli. Hakuchelewesha rejesho hata mara moja. Lakini kila mwezi, akishamaliza kulipa, palikuwa na kijipengo. Si kikubwa. Alihesabu kwamba angebaki na hela ya kitu fulani, na hela hiyo haikuwapo. Kitu alichokuwa akikiahirisha zaidi ni miwani. Macho yalikuwa yameanza kumtupa, na tundu la sindano alikuwa akilitafuta kwa kupapasa.

"Dada, vaa miwani," Kalamu alimwambia siku moja, akimtungia uzi.

"Nikivaa miwani mchana huu majirani watasema nimeanza kunywa."

Walicheka, maana mtaani mlevi huambiwa amevaa miwani. Kalamu alimpa sindano yake, akamaliza soda, akarudi ofisini.

Mama yao naye alikuwa na wimbo wake. Kalamu alikuwa akimpelekea kitu kila mwisho wa mwezi, bila kukosa, na kila Mama Sponji alipokwenda kumsalimu alikuta habari hizo zimeandaliwa mezani kabla ya chai. "Mwenzako ananitunza. Huyu mtoto ana mkono wazi. Wewe siku hizi biashara imekuwa kubwa umetusahau." Mama Sponji aliinamisha kichwa. Alijiona ameingiwa na uchoyo bila kujua, na njia nzima ya kurudi alikuwa akipiga hesabu ni wapi angebana zaidi ili naye apeleke chochote.

Mwaka na nusu ukapita hivyo. Ndipo kampuni ikafanya sherehe ya mchana kuwatunza wafanyakazi bora, na Kalamu akawa wa kwanza kati ya maafisa wote. Kila mshindi aliruhusiwa kuleta watu wawili. Kalamu alitaka kwenda na mama na mchumba wake. Mama ndiye aliyeng'ang'ania: aliyemsomesha ndiye aende. Kalamu hakuweza kumbishia mama yake, ila walipofika mlangoni alimwinamia dada yake sikioni. "Mambo ya karakana tuyaache nyumbani leo, sawa? Hapa wewe ni dada yangu tu." Mama Sponji, aliyekuwa amevaa gauni la kuazima, alidhani anaonewa aibu kidogo kwa vidole vyake vilivyochanika. Alimsamehe hapohapo. Walipoketi alificha mikono chini ya meza.

Ukumbini waliketishwa na afisa mmoja msichana, mcheshi, ambaye meza yake ya kazi ilipakana na ya Kalamu. Kalamu mwenyewe alikaa mbele na wakubwa. Meneja, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kutuliza watu, alisimama akamsifia. Alisema Kalamu ameleta wateja wengi, na kwamba mwaka huu hakuna afisa aliyevuna pointi nyingi kama yeye. Watu wakapiga makofi. Mama yao alipiga kuliko wote, ingawa hakuelewa pointi ni nini.

"Hizo pointi anavuna vipi?" Mama Sponji alimuuliza yule msichana, kwa udadisi tu, huku akimega keki. "Mimi naona ni kama michezo ya watoto."

Msichana alifurahi kupata mtu wa kumweleza. "Si michezo, dada yangu. Chukua asilimia moja, ikate vipande mia. Kila kipande ndiyo pointi moja ya msingi. Kwa hiyo pointi hamsini ni nusu asilimia, na pointi mia ni asilimia moja nzima."

"Na mia nne?"

"Asilimia nne. Kama riba ilikuwa kumi na nne, inakuwa kumi na nane."

Mama Sponji aliweka keki chini, mikono ikarudi chini ya meza. "Si mngesema tu asilimia nne?"

"Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Nikikwambia riba ya kumi na nne imepanda kwa asilimia nne, wewe unaweza kuelewa imefika kumi na nane. Mwingine ataelewa ni nne kwa kila mia ya ile kumi na nne, yaani haijafika hata kumi na tano. Tutabishana mpaka kesho. Nikisema pointi mia nne, maana ni moja tu. Kipimo kiliwekwa ili mtu asidanganyike."

"Na mnazivuna kwa nani?"

"Kwa mteja, kwa nani tena? Kampuni inakupa riba yake ya kawaida. Afisa akiona mteja ni wa wasiwasi, anaruhusiwa kuongeza, kuanzia sifuri mpaka mia nne. Robo ya zile pointi ni posho yetu. Mteja mzuri humwongezei, au unamwekea hamsini, basi." Msichana alitazama huku na huku, akasogeza kiti. "Lakini kaka yako ana roho, nakuambia! Ana mteja mmoja, fundi wa makochi. Mama wa watu, daraja la kwanza, hajawahi kuchelewa. Alimpiga mia nne zote. Na yule mama akamshukuru! Siku hiyo alitusimulia mpaka tukatokwa machozi. Eti mama wa watu anauliza, 'Kwa hiyo ni kumi na nne na kitu?'"

Aliiga sauti. Aliiga vizuri, kwa maana aliyemfundisha kuiiga alikuwa ameisikia maisha yake yote.

Mama Sponji aliangalia mbele, akamwona Kalamu amesimama na zawadi mkononi akipigwa picha, akitabasamu na kalamu yake sikioni, na watu wakicheka kwamba hata leo hakuiacha. Mama yao alimgusa begani. "Mbona hupigi makofi?" Akapiga. Alitoa mikono chini ya meza akapiga makofi kwa ajili ya mdogo wake, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kuifanyia mikono ile.

Kesho yake Kalamu alipita karakana kama kawaida, na chakula chake. Hakuambiwa akae.

"Pointi mia nne ni asilimia nne," dada yake alisema.

Kalamu alisimamisha kijiko hewani. "Nani amekwambia?"

"Wewe ndiye ulitakiwa kuniambia."

"Lakini nilikwambia. Nilisema pointi mia nne. Nilisema pointi ni sehemu ya mia ya asilimia. Dada, kuna neno nililokudanganya?"

Alitafuta hilo neno, na ukweli ni kwamba hakulipata. Kila alichosema Kalamu siku ile kilikuwa sahihi; hata nne ni kitu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: kwamba mdogo wake alikaa chini akayapima maneno yake, kama anavyopimiwa mtu baki ambaye huenda siku moja akakushitaki.

"Wateja wazuri wenzangu umewaongezea ngapi?"

"Inategemea."

"Ngapi?"

"Mia. Wengine hamsini. Lakini wale wanabishana, dada! Mtu anakuja na bei za kampuni tatu mkononi. Ukimwekea mia mbili anainuka." Alitua chakula juu ya fremu ya kochi. "Wewe hukubishana."

"Ningebishana na wewe?"

Kalamu alianza kueleza kwamba robo tu ndiyo yake, kwamba iliyobaki ni ya kampuni, kwamba kila afisa anafanya, kwamba ni elfu kumi na mbili tu kwa mwezi, si hela ya kumuumiza mtu mwenye karakana.

"Elfu kumi na mbili kila mwezi," alisema Mama Sponji, "na ulikuwa unanitungia uzi."

Kalamu aliondoka akiacha chakula chake palepale.

Mama Sponji alikwenda moja kwa moja kwa mama yao. Alidhani huko angelia akanyamazishwa, maana hata mwanamke mwenye watoto wake huwa na mlango mmoja wa kwenda kulilia. Alimweleza yote polepole: vipande mia, kumi na nne na kumi na nane, robo ya posho. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ukisema ofisini, atafukuzwa?"

"Sijui, mama. Alinikataza nisiseme kwamba ni ndugu. Bila shaka ana sababu."

"Basi usiseme."

"Mama, hizo hela alizokuwa akikuletea..."

"Alileta yeye," mama alimkata. "Wewe ulileta nini?"

Mama Sponji alitaka kumwambia kwamba sehemu ya ile hela ilitoka mikononi mwake, ikazunguka ofisini, ikarudi pale ikiwa na jina la mwingine, na kwamba kwa mwaka na nusu alikuwa akisutwa kwa hela yake mwenyewe. Lakini mama alikuwa ameshageuka kuelekea jikoni, akisema familia hailetewi maneno kwa sababu ya vihela, na kijana ana mchumba, na watu watasema nini. Mama Sponji akaomba ruhusa kwa adabu, akaondoka.

Usiku huo hakupata usingizi. Mumewe aliporudi safari alisikiliza, akapiga ngumi goti lake mwenyewe, akasema twende sote ofisini. Mama Sponji alimkataza. Alipiga moyo konde, akaenda peke yake, amevaa nguo zake za kazi.

Meneja alimkumbuka mara moja. "Dada wa Kalamu! Karibu."

"Mimi pia ni fundi wa makochi," alisema, akataja jina ambalo mkopo uliandikiwa.

Meneja alimwita mtu, wakaangalia, wakanong'onezana. Kisha akasema, kwa kutafuta maneno, kwamba kwa kanuni zao afisa haruhusiwi kumshughulikia ndugu yake. Ndugu hupelekwa kwa afisa mwingine, na haongezewi pointi. Kalamu alijua. Kama angesema tu kwamba huyu ni dada yangu, riba ingebaki kumi na nne.

Mama Sponji alikuwa amejiandaa kusikia mengi, ila si hilo. Alidhani alitozwa ingawa ni ndugu. Kumbe ili atozwe, ilibidi kwanza undugu ufutwe.

"Na kampuni?" aliuliza. "Mlimpa zawadi."

Meneja alikuwa na ubinadamu wa kutokwepa macho. "Yeye alichukua robo, mama. Robo tatu tulichukua sisi. Sitakudanganya."

Pointi ziliondolewa kuanzia rejesho lililofuata. Zile alizokwisha kulipa aliambiwa zitatazamwa na wakubwa. Alifuatilia mara kadhaa, kila mara akapewa soda na maneno mazuri, mpaka akachoka na soda. Kalamu hakufukuzwa. Alinyang'anywa posho, akahamishiwa dirisha la kupokea marejesho. Mama yao alikaa miezi mingi bila kumwitikia binti yake simu, akiamini ndiye aliyemharibia mwenzake kazi. Mama Sponji alinunua miwani yake mwezi wa pili baada ya pointi kuondoka, akastaajabu kuona mishono yake ya mwaka uliopita ilivyokuwa imepinda.

Wateja walibaki. Deni lilipungua, likaisha. Alipoulizwa kama angependa mkopo mwingine alimhoji afisa mpya mpaka kijana wa watu akaomba maji. Ila kuna kitu kilichobadilika ndani yake ambacho hata mumewe alikiona. Mtu akimwambia jambo, hata dogo, hata bei ya sponji, alikuwa akilirudia kichwani, akilipapasa kama tundu la sindano, akitafuta ni wapi limeachwa wazi. Binti yake alimwambia siku moja, "Mama, siku hizi unatusikiliza kama polisi," naye akaenda uani akakaa huko kitambo.

Kalamu alikuja mchana mmoja bila taarifa, karibu mwaka baada ya yote. Alikuwa amepungua mwili. Mama Sponji alikuwa anavalisha kochi kubwa la watu watatu, kitambaa cha kijivu kinene, kazi ya mikono minne, na hapo alikuwa na miwili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Alisimama mlangoni. Alisema aliyokuja kusema, bila ufundi, akikwama, na safari hii hakupima neno. Alisema alianza kwa kufikiri atairudisha hela hiyo, kisha akazoea. Alisema kilichomwondolea usingizi si kazi, ni ile siku alipomsimulia ofisini wakacheka. "Nisamehe, dada."

"Nimekusikia," alisema.

Kalamu alisubiri kidogo kama kuna zaidi. Dada yake alirudi kwenye kitambaa. Kona ya kitambaa ilikuwa inateleza, na Kalamu, kwa mazoea ya utotoni alipokuwa akimsaidia dada yake pale kwa mjomba, alisogea akaishika, akaivuta kama inavyotakiwa, akapokea bunduki ya pini na kupiga upande wake wote huku dada yake akipiga wa kwake. Walifanya kazi hivyo hadi kochi likakamilika, bila kusemezana isipokuwa "vuta" na "legeza". Kisha Kalamu alipangusa mikono, akaaga, akaitikiwa, akaenda zake.

Mama Sponji alilizunguka kochi akiwa na miwani yake. Upande wa Kalamu ulikuwa umenyooka, pini zimefuatana vizuri, hapakuwa na kasoro. Alisimama akiutazama. Kisha alichukua koleo, akapiga magoti, akaanza kuzing'oa moja moja, ili aupige pini upya yeye mwenyewe.